Mganga ni Yupi? Uhakiki wa Sinema ya Medicine Man

Kazi ya mhakiki ni kupima, na apimaye huhitaji kitu cha kupimwa na mizani ya kupimia. Katika insha hii kitu cha kupimwa ni sinema moja ya Marekani iliyotolewa mwezi wa Februari 1992, iitwayo Medicine Man. Mizani yetu ni mambo yaliyotukia kweli duniani, na baadhi yake yalitukia katika nchi yetu wenyewe ya Kenya. Sinema hii yahusu jambo ambalo, msomaji, litakugusa maisha yako yote: desturi ya watu wa viwanda na maabara kuingia misituni, maziwani na baharini, wakitafuta katika mimea, wadudu na vijidudu kitu kinachoweza kufanywa dawa, sabuni au bidhaa nyingine ya kuuzwa. Sheria za jambo hili husomwa na watu wachache. Hadithi zake hutazamwa na maelfu. Kwa hiyo yatupasa kuuliza kama hadithi tunayosimuliwa yatufumbua macho au yatufumba.

Yaliyomo, kwa ufupi, ni haya. Robert Campbell, mtaalamu aliyeigizwa na Sean Connery, anaishi katika msitu wa Amazon, Amerika ya Kusini, pamoja na wenyeji wa msitu huo. Kampuni ya dawa ndiyo inayogharimia kazi yake. Anatumwa kwake Rae Crane, mtaalamu wa kike aliyeigizwa na Lorraine Bracco, aende kuona kama kazi hiyo yastahili gharama yake. Crane anamkuta Campbell katika taabu isiyo ya kawaida: amekwisha kupata dawa ya saratani, lakini hawezi kuitengeneza mara ya pili. Anaamini kwamba ilitoka katika ua linaloota juu kabisa ya miti mirefu. Hupanda huko kwa kamba kulichuma, na kila akilichambua haoni tena kile alichokiona mara ya kwanza. Dawa iliyosalia ni haba. Mtoto wa kijiji anapougua, inazuka hoja nzito: itumike kumponya mtoto huyu mmoja, au ihifadhiwe ili ichunguzwe kwa manufaa ya ulimwengu mzima? Wakati huohuo barabara ya wakataji miti inasogea siku baada ya siku. Mwishowe inagunduliwa kwamba nguvu ya dawa haikutoka katika ua, bali kwa sisimizi walioingia katika sukari. Ujuzi huo umechelewa. Ugomvi na wajenzi wa barabara unazaa moto, na kijiji, msitu wa jirani na kazi yote ya Campbell vinateketea. Wataalamu wawili na wanakijiji wanaondoka kwenda ndani zaidi ya msitu ili waanze upya.

Tuanze na yale ambayo sinema hii yastahili kusifiwa, maana hakimu anayeanza na makosa huenda akamaliza na chuki.

Sifa yake ya kwanza ni kuuonyesha msitu vema. Wengi wetu tukisikia neno msitu hufikiri mashina na giza. Mwongozaji, John McTiernan, anampandisha mtazamaji mpaka juu ya matawi, penye jua, maua na wadudu, na hapo mtazamaji anatambua kwamba sehemu kubwa ya uhai wa msitu haiko chini tunapotembea sisi. Mtu aliyekwisha kuona jambo hilo hawezi tena kuuita msitu pori tupu.

Sifa ya pili ni ukweli wake juu ya kazi ya sayansi. Katika hadithi nyingi mgunduzi hupiga kelele ya furaha, na hadithi ikaisha. Katika hadithi hii kelele ya furaha imekwisha kupigwa kabla ya mwanzo, na kilichobaki ni mashaka. Campbell anajua kwamba kitu kilichoonekana mara moja tu bado hakijajulikana. Akishindwa kukirudia, ugunduzi wake hautofautiani na ndoto. Kwa mwanafunzi wa sayansi hilo ni somo kubwa, nalo limefundishwa pasipo mahubiri.

Sifa ya tatu ni wale sisimizi, nao nawahesabu kuwa wazo bora kuliko yote katika sinema hii. Campbell aliliangalia ua peke yake, kana kwamba liliumbwa liishi peke yake. Kumbe ua lilikuwa na jirani, na jirani ndiye mwenye siri. Msomaji aweza kudhani kwamba huo ni ubuni mtupu wa watu wa sinema. Basi na asikilize habari ya Kwale.

Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani, S. Morris Kupchan, pamoja na wenzake walitangaza kemikali iitwayo maitansini. Waliipata katika mti mdogo wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia, na katika maabara ilionyesha nguvu kubwa ya kuzuia saratani. Lakini kiasi chake ndani ya mti kilikuwa kidogo mno. Ili kupata ya kutosha kwa majaribio, katika miaka ya 1970 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanyiwa katika Milima ya Shimba, Kwale, zaidi ya tani 27 za mti wa jamii hiyohiyo, Maytenus buchananii. Dawa ilipojaribiwa kwa wagonjwa, sumu yake ilionekana kuwa kali kupita faida yake, nayo ikawekwa kando. Huenda ungefikiri kwamba habari ingeishia hapo. Walakini mwaka 1977 wataalamu wa Japani walipata kemikali za ukoo uleule, na safari hii hawakuzipata katika mti. Walizipata kwa bakteria. Uchunguzi wa baadaye umezidi kuonyesha kwamba katika miti ya namna hii mtengenezaji wa kemikali ni vijidudu wanaoishi pamoja na mti. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya matiti iliyoundwa kwa kuunganisha kemikali ya ukoo huo na kingamwili inayoitambua seli yenye ugonjwa, ili sumu ifike pale inapotakiwa na isienee mwilini mwote. Malighafi ya dawa hiyo hutoka kwa bakteria waliokuzwa kiwandani. Haikuhitaji tena kukata mti hata mmoja wa Shimba.

Linganisha sasa. Campbell alichuma ua, na siri ilikuwa kwa mdudu. Katika dunia ya kweli ulikatwa mti, na siri ilikuwa kwa kijidudu. Watunzi wa sinema walibuni jambo lililo karibu sana na ukweli, na mhakiki mwadilifu lazima awape haki yao.

Sasa tuje kwenye upungufu.

Jina Medicine Man kwa lugha yetu ni Mganga. Basi nauliza: mganga ni yupi? Katika hadithi yumo mganga wa kienyeji, mtu mwenye cheo chake na elimu yake. Kama jina la sinema lingekuwa lake, tungetazamia kumjua: alifundishwa na nani, huponya nini, hushindwa na nini, na huutazamaje msitu ambao mgeni anauchungulia kwa kamba. Hatupewi hayo. Tunachopewa zaidi ni ugomvi wake na Campbell, kana kwamba kazi yake katika hadithi ni kumzuia njia shujaa. Jina la uganga limehamia kwa mgeni, na katika sinema nzima hakuna hata mtu mmoja anayeuliza limehamaje. Naliona kosa hili kuwa kubwa kuliko yote, maana kila mahali ulimwenguni penye utafutaji wa namna hii hatari ni hiyohiyo: mwenye elimu ya kwanza hugeuzwa kuwa sehemu ya mandhari, na aliyekuja na chupa na daftari huitwa mgunduzi.

Wanakijiji wengine hali yao si tofauti. Hucheka, huugua, huponywa, na hukimbia moto. Hatuwaoni wakikaa kushauriana kama wageni hawa wabaki au waondoke, na kama ua lao lichumwe au lisichumwe. Hata shauri zito kuliko yote, la kuitumia dawa iliyosalia au kuihifadhi, limeonyeshwa kama vita vya dhamiri za wageni wawili, ilhali mtoto anayeugua ni wa kijiji. Na mwishoni, sifa ya ugunduzi inapozungumzwa, huzungumzwa baina ya wageni haohao wawili.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sinema hii inaitimiza methali hiyo kwa nusu tu. Mgeni amekuja, na mtoto wa mwenyeji amepata dawa. Lakini methali yenyewe yamdhania mwenyeji kuwa mtu mwenye nyumba, mwenye mlango, na mwenye uwezo wa kusema karibu au kutosema. Mwenyeji asiyepigiwa hodi amekwisha kupokonywa uenyeji wake kabla hajapokonywa kitu kingine chochote.

Upungufu wa pili ni adui aliyechaguliwa. Adui wa sinema hii ni tingatinga: lina kelele, lina moshi, nalo huangusha miti mbele ya macho yetu. Sisemi kwamba adui huyo ni wa uongo. Misitu inaangamizwa kweli, na viumbe wengi hupotea kabla hawajapewa hata jina. Lakini tingatinga limepewa lawama zote, na kwa sababu hiyo mtazamaji husahau kuuliza juu ya kampuni ya dawa iliyomlipa Campbell. Kama dawa ingalipatikana na moto usingaliwaka, ingalikuwa ya nani? Nani angaliiuza, kwa bei gani, na kijiji kingalipata nini? Sinema imejiepusha na maswali hayo kwa kuyateketeza. Moto ulipokula msitu, uliyala na maswali. Mtazamaji hutoka amehuzunika, na huzuni yake ni ya haki, lakini hajafundishwa kwamba mtu aweza kupoteza mali yake pasipo moto wala kelele, kwa karatasi iliyotiwa sahihi mbali naye.

Tena ajabu ya wakati ni kubwa. Sinema hii ilitolewa mwezi wa Februari 1992. Tarehe 22 Mei ya mwaka huohuo wajumbe wa mataifa mengi walikutana katika mji wetu wa Nairobi, wakakubaliana maneno ya Mkataba wa Bioanuwai, yaani mkataba juu ya wingi wa namna za viumbe. Mwezi wa Juni mkataba huo ukafunguliwa utiwe sahihi huko Rio de Janeiro, Brazil. Kabla ya hapo watu wengi walivihesabu viumbe vya porini na siri zilizomo ndani yake kuwa urithi wa wanadamu wote. Maneno hayo ni mazuri kusikika. Shida yake ni kwamba urithi wa wote huchumwa kwanza na mwenye ngazi ndefu. Mkataba ulitamka kwamba kila taifa lina mamlaka juu ya hazina hiyo iliyo katika mipaka yake, kwamba anayeitaka aombe idhini, na kwamba faida itakayopatikana igawanywe kwa haki. Basi katika mwaka ambao wajumbe walikuwa Nairobi wakibishana juu ya swali la nani aombwe idhini, sinema hii ilikuwa ikienea duniani pasipo kuligusa.

Na katika mwaka huohuo wa 1992, kwa mujibu wa taarifa zilizotolewa baadaye, sampuli za vijidudu zilichukuliwa katika Ziwa Bogoria, katika Bonde la Ufa. Unalijua ziwa hilo, kama si kwa macho basi kwa picha: maji yake ni ya magadi, kandokando yake chemchemi hutoa maji yanayochemka, na heroe hukusanyika ufukweni. Mtu asiyejua husema kwamba hapana kiumbe kinachoweza kuishi katika maji makali kama hayo. Lakini wapo vijidudu waliozoea ukali huo, na vimeng'enya vyao, yaani vile vitu mwilini mwao vinavyoharakisha kazi za kemia, huweza kufanya kazi mahali ambapo vimeng'enya vya kawaida vingeharibika. Hiyo ndiyo thamani yao kiwandani, kwa maana maji ya sabuni ya kufulia ni makali. Kimeng'enya kimoja kilichotokana na vijidudu wa maziwa yetu ya magadi kilitumika kulainisha na kufifisha rangi ya nguo za jinzi, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa kuzisugua nguo pamoja na mawe.

Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza kwamba litadai sehemu ya faida kutoka kwa Genencor, kampuni ya Marekani iliyohusika na vimeng'enya hivyo. Kwa upande wa watafiti ilijibiwa kwamba sampuli zilichukuliwa kwa vibali halali. Tazama vizuri, msomaji, mahali mabishano yalipo. Hapana aliyebisha kwamba vijidudu walitoka Kenya. Kilichobishaniwa ni kama kibali cha kuchunguza ni kibali cha kuuza. Aliyekuruhusu kuingia shambani kutazama mahindi, je, amekuruhusu kuvuna? Wazee walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Bogoria halikuwa na ukurasa wa biashara, na neno lisiloandikwa wakati wa mapatano ni gumu kulithibitisha wakati wa ugomvi.

Hapo pana jambo la pili ambalo sinema ingaliweza kutufundisha, kama ingalitaka. Mkataba huzungumza juu ya mataifa, lakini pembeni mwa ziwa lenyewe wapo watu. Waendorois walihamishwa kutoka ardhi ya Bogoria katika miaka ya 1970, ilipofanywa hifadhi ya wanyama. Mwaka 2010 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliosema kwamba haki zao zilivunjwa. Kwa hiyo swali la nani mwenyeji lina matabaka. Serikali ni mwenyeji mbele ya kampuni, na jamii ni mwenyeji mbele ya serikali. Anayedai haki yake kwa mgeni akasahau haki ya jirani yake amefanya nusu ya kazi.

Tangu siku hizo sheria imesogea mbele. Mwaka 2006 Kenya iliweka kanuni zinazomtaka mtafutaji apate kibali na idhini ya wenye mali kabla ya kuchukua chochote. Mwaka 2007 Shirika la Wanyamapori liliingia mapatano na kampuni ya Novozymes ya Denmark juu ya kutafuta vijidudu wenye manufaa katika hifadhi zetu. Mwaka 2010 mataifa yalikubaliana Itifaki ya Nagoya, huko Japani, nayo ilianza kuwa na nguvu mwezi wa Oktoba 2014. Itifaki hiyo yataja pia elimu ya jadi ya wenyeji. Na mwaka 2016 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuilinda elimu hiyo.

Mtu aweza kuitetea sinema na kuniambia: wewe waitaka hadithi iwe mahakama. Mtunzi hakuahidi kufundisha sheria, aliahidi kusisimua. Tena, atasema, Campbell alistahili sifa, maana alitoa miaka yake na afya yake, na sampuli nyingi zinazochunguzwa ulimwenguni hazileti kitu chochote. Hoja hii ina nguvu, wala siidharau. Kazi ya mtafutaji ni kazi kweli. Mti wa Shimba, kama ungeachwa peke yake, usingekuwa dawa ya hospitali. Ulihitaji akili, fedha, na wagonjwa waliokubali kujaribiwa. Anayesema kwamba thamani yote iko msituni amekosea sawasawa na anayesema kwamba thamani yote iko maabarani.

Na sisi tujihadhari na uvivu wetu wenyewe. Imeandikwa mara nyingi kwamba Wadigo waliutumia ule mti wa Shimba kama dawa tangu zamani, na kwamba elimu yao ndiyo iliyowaongoza wageni. Lakini tumekwisha kuona kwamba njia ya maitansini ilianzia katika mti wa Ethiopia, wakati ambapo mimea mingi ya nchi mbalimbali ilikusanywa na kupimwa mmoja mmoja ili ionekane upi una nguvu. Elimu ya Wadigo ni ya kuheshimiwa kwa haki yake yenyewe. Haihitaji kupambwa kwa kisa cha wizi. Hadithi ya mgeni shujaa ni rahisi, na hadithi ya mgeni mwizi nayo ni rahisi vilevile. Zote mbili zina mtu mmoja tu anayetenda, yaani mgeni, na mwenyeji ameachwa kuwa mtazamaji katika nyumba yake.

Tusidhani pia kwamba mapatano yakipatikana basi utajiri umepatikana. Huko Afrika ya Kusini Wasani walijua tangu kale kwamba kuutafuna mmea wa hoodia hutuliza njaa na kiu safarini. Baraza la sayansi la nchi hiyo lilichukua hataza, yaani haki ya pekee ya kutumia ugunduzi, juu ya kemikali ya mmea huo. Baada ya malalamiko, mwaka 2003 likakubali kuwapa Wasani asilimia 6 ya mrabaha. Tumaini lilikuwa kubwa, maana dawa ya kupunguza hamu ya chakula ingeuzwa sana katika nchi za watu walioshiba. Lakini mwaka 2008 kampuni ya Unilever, iliyokuwa ikiiandaa bidhaa hiyo, iliacha mpango huo. Asilimia 6 ya kitu kisichouzwa ni sifuri. Hata hivyo Wasani walipata jambo ambalo wanakijiji wa Campbell hawakupewa hata katika ndoto ya sinema: walitajwa kwa jina lao kama wenye elimu, wakaketi mezani.

Wala usifikiri kwamba jambo hili ni la Mwafrika na Mzungu tu. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Thomas Brock alipata katika chemchemi za moto za Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani, bakteria anayestahimili joto kali. Kimeng'enya cha bakteria huyo kilikuja kuwa msingi wa njia ya kuzidisha chembe za urithi ili zichunguzwe, njia inayotumika leo mahospitalini na katika mahakama, na iliyotumika kupimia watu wengi wakati wa ugonjwa wa Covid. Mwaka 1991 haki za njia hiyo ziliuzwa kwa dola milioni 300. Hifadhi ya Yellowstone haikupata kitu. Chemchemi za tajiri na chemchemi za maskini zilipatwa na jambo lilelile, kwa sababu ileile: wakati sampuli ilipochukuliwa hapakuwa na mtu aliyeandika kitakachofuata.

Sasa naweza kutoa hukumu yangu. Medicine Man ni sinema yenye picha bora kuliko hoja yake. Yafaa kutazamwa, na mwanafunzi anayeitazama atajifunza kuuogopea msitu na kuiheshimu subira ya sayansi. Lakini imemfanya mtafutaji kuwa mganga, na mganga kuwa kivuli. Imelaumu moto na kuinyamazia karatasi. Kilichonihuzunisha zaidi ni kwamba jibu la makosa yake lilikuwa ndani yake yenyewe. Kwa habari ya sisimizi yatuambia kwamba dawa haikuwa ya ua peke yake. Ilitoka katika ujirani wa ua, mdudu na msitu mzima. Kama watunzi wangaliifuata fikira hiyo hatua moja zaidi, wangaliona kwamba na ugunduzi haukuwa wa Campbell peke yake. Palikuwa na waliomwonyesha njia, waliompa chakula, na walioutunza msitu hata akaukuta umesimama. Sinema iliyoona ujirani wa wadudu ilishindwa kuona ujirani wa watu.

Msomaji, baadhi yenu mtakuwa wanasayansi, na siku moja mtaingia msituni au ziwani na chupa mikononi. Wengine mtakuwa maofisa wa kaunti au mawakili, na kibali kitaletwa mezani kwenu kitiwe sahihi. Wengine ni wajukuu wa wazee wanaojua majani yanayotuliza homa na mizizi isiyopaswa kuguswa, na elimu hiyo bado haijaandikwa. Kila mmoja wenu atahitaji maswali yaleyale ambayo sinema hii haikuyauliza: aliyeombwa idhini ni nani, alielezwa nini kwa lugha anayoifahamu, jina la nani limeandikwa, na faida ikija itapita njia gani mpaka imfikie. Jizoezeni kuyauliza sasa, mkiwa bado mnatazama hadithi, ili msiyasahau mtakapokabidhiwa jambo lenyewe.